Niliandaa viti 30, wakaja watu wanne

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mpangaji wa ghorofa ya tatu katika jengo lenye nyumba 32, na huu ni mwaka wangu wa pili hapa. Miezi mitatu iliyopita, mzee anayeishi peke yake katika nyumba iliyo chini ya yangu alianguka bafuni akavunjika nyonga, akalala sakafuni usiku mzima, mchana wake na usiku wa pili, hadi mpwa wake alipokuja kumjulia hali. Muda wote huo redio yake ilikuwa ikilia. Niliisikia. Usiku wa kwanza nilidhani amepitiwa na usingizi akasahau kuizima, na usiku wa pili nilikasirika, nikafikiria kushuka kumwomba apunguze sauti. Lakini sikulijua hata jina lake, na niliona haya kugonga mlango wa mtu nisiyemfahamu saa tano za usiku. Namshukuru Mungu kwamba alipona na amekwisha kurudi nyumbani, anatembea kwa mkongojo. Lakini mimi redio ile bado naisikia.

Baada ya hapo niliamua kwamba wakazi wa jengo hili lazima tufahamiane. Niliandika tangazo, nikalibandika kwenye kila mlango na jingine kubwa langoni, nikiwaalika wote kwenye mkutano wa Jumamosi saa kumi alasiri uani, kisha nikaazima viti 30. Ajenda zilikuwa saba: utangulizi, kufahamiana, usalama, usafi, kuunda umoja wa wakazi, kuchagua viongozi na michango. Walikuja watu wanne. Mmoja ni rafiki yangu, wawili ni mume na mke waliodhani kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeitisha mkutano, na wa nne alikuja kulalamika kwamba watoto wanapiga mpira ngazini mchana wakati yeye amelala, kwa kuwa anafanya kazi ya usiku. Alizungumza kwa dakika 20, akaondoka.

Sikukata tamaa. Nilifungua kundi la WhatsApp, nikawaingiza watu 41 kwa namba nilizopewa na msimamizi wa jengo. Wiki ya kwanza zilikuwa salamu tupu. Wiki ya pili yaliingia matangazo ya biashara, jumbe za kusambazwa na mabishano ya siasa. Wiki ya tatu watu wawili walitukanana juu ya mahali pa kuegesha gari, na siku hiyo hiyo watu 11 wakajitoa. Kisha mmoja akaandika mbele ya wote: "Huyu ametumwa na nani, na hiyo michango itaishia mfukoni mwa nani?" Hakuna aliyenitetea.

Nimekwisha kutangaza mkutano wa pili, utakaofanyika wiki tatu kuanzia leo. Je, nilikosea wapi? Je, niandike katiba na kuusajili umoja huo ili watu waniamini? Nimjibu nini yule aliyenishuku? Au nikubali tu kwamba watu wa siku hizi hawataki majirani?

Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Ndugu yangu Jirani wa Ghorofa ya Tatu,

Nitaanza na redio, kwa sababu ndiyo iliyokufanya uandike, ingawa uliiacha mara tu ulipofika kwenye habari za viti na ajenda. Usiku ule hukukosa huruma, bali ulikosa hodi. Kati yako na mzee yule hapakuwahi kupita jambo lolote, hata dogo kama la kuulizana iwapo maji yamekatika, ambalo lingekupa ruhusa ya kumgongea saa tano za usiku bila kujiona mvamizi. Pengo ulilotaka kuliziba ni hilo, nalo ni jembamba kuliko ajenda saba. Lingezibwa kama ungekuwa unalijua jina lake, na kama ungekuwa umewahi kusimama mlangoni pake mara moja tu, mchana, kwa sababu isiyo na uzito wowote.

Kisa kama chako kiliwahi kutokea Paris, tena kwa mwisho mbaya zaidi. Atanase Périfan, mkazi wa wilaya ya 17 ya jiji hilo, alishtushwa na kifo cha bibi kizee aliyekuwa akiishi katika jengo moja naye, ambaye maiti yake iligunduliwa baada ya muda mrefu. Mwaka 1999 yeye na wenzake walianzisha siku ya majirani, ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingi za Ulaya. Ninachotaka ukitazame katika mpango ule ni umbo lake. Haukuwakusanya watu wa wilaya nzima katika ukumbi mmoja ili wachague viongozi. Uliwaachia wakazi wa kila jengo wakutane pale pale wanapopitia kila siku, uani au chini ya ngazi, kila mmoja akija na kitu chake mkononi. Hapakuwa na haja ya mtu kuvuka hata barabara.

Wewe umelishika jengo zima kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo palipo kosa lako la kwanza. Tangazo linalowaita watu 40 halimwiti yeyote, maana kila anayelisoma huamini kwamba wengine 39 watakwenda. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti wao kuhusu makazi ya wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT nchini Marekani. Wakazi wale walikuwa wamegawiwa nyumba bila kujichagulia majirani, na walipoulizwa ni akina nani wanaoshirikiana nao zaidi, asilimia 41 ya waliopakana mlango kwa mlango walitajana, ilhali kwa waliokaa ncha mbili za ghorofa ile ile asilimia ilishuka hadi 10. Umbali wenyewe ulikuwa wa hatua chache tu. Waliokaa karibu na ngazi, ambako kila mtu alilazimika kupita, walijikuta na marafiki hata wa ghorofa nyingine.

Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo nadhani litakuwa gumu kwa mtu mwenye ari kama yako: zisahau nyumba 24 kati ya 32. Chagua milango minane tu, ile ya ghorofa yako na iliyo chini na juu yake, ambayo watu wake mnakutana ngazini mkiwa na mizigo mikononi. Usibandike kitu. Gonga.

Na unapogonga, usiende na mwaliko, nenda na ombi. Mwaliko humfanya mtu ajiulize unataka nini kwake. Ombi dogo humwambia waziwazi unachotaka, kisha humwachia heshima ya kuwa yeye ndiye aliyekusaidia. Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18, alisimulia jinsi alivyomgeuza mpinzani wake katika baraza la kutunga sheria kuwa rafiki kwa kumwomba amwazime kitabu adimu, na mwaka 1969 watafiti Jecker na Landy walilijaribu jambo hilo kwa vitendo, wakaona kwamba walioombwa fadhila na mtu walimpenda zaidi kuliko wale ambao hawakuombwa chochote. Nimeona wengi wenye nia njema wakilikosea hili: wanagawa misaada kila mlango, halafu wanashangaa kuwa watu wanawakwepa kana kwamba wanawadai.

Nieleze jinsi inavyokuwa, kwa sababu wengi hushindwa papo hapo kizingitini. Nenda jioni, watu wakiwa wamerudi lakini hawajatulia kupumzika. Ukisha kugonga, rudi nyuma hatua mbili, ili anayefungua asikukute umemsimamia usoni. Sema mahali unapoishi kabla ya kusema jina lako, kwa kuwa mahali ndipo mnaposhirikiana: "Samahani kwa usumbufu. Mimi ni wa ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Keshokutwa nitaletewa kifurushi nami nitakuwa kazini. Je, naweza kukuomba unipokelee?" Akikataa, mshukuru bila kuonyesha kinyongo. Akikubali, muulize swali moja tu, kwamba kama angekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja hapa ngazini, angebadilisha lipi. Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu, usimtajie usalama wala usafi, wala usimwambie kwamba hata wewe ulilifikiria hilo hilo. Dakika tatu zikipita, aga, hata kama mazungumzo yamenoga, na hasa yakiwa yamenoga. Ukifika ngazini andika jina lake na alichosema, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu ukimsikia mtu wa tatu akirudia jambo lile lile utakuwa umepata kazi ya kwanza ya pamoja bila kuibuni wewe.

Nadhani kazi hiyo tayari unayo, nawe umeiandika kama kero. Kati ya wale wanne wa Jumamosi, ninayemthamini kuliko wote ni yule mfanyakazi wa usiku. Rafiki yako alikuja kwa ajili yako, mume na mke walikuja kwa kukosea, lakini yeye alikatisha usingizi wake akaja kwa sababu ana jambo. Akasema kwa dakika 20, akaondoka, na nahofia kwamba ulifurahi alipoondoka ili uendelee na ajenda. Ndugu yangu, ajenda ilikuwa ni yeye. Jambo lake lina mipaka, lina wahusika wasiozidi familia tatu au nne, na linaweza kuisha ndani ya wiki moja, wakati usalama na usafi ni maneno mapana yasiyo na mwisho.

Mtembelee, umwombe radhi kwa kutomsikiliza vizuri, kisha umuulize saa anazolala. Wapelekee wazazi wa watoto wale saa hizo, si malalamiko yake, nawe uwaombe wakae naye kwa muda mfupi, watoto wenyewe wakiwapo. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jinsi watu wanavyotunza vitu vya pamoja kama malisho, misitu, mifereji ya kumwagilia na maeneo ya uvuvi, akaonyesha kwamba mipango inayodumu aghalabu ni ile ambayo watumiaji wenyewe wameshiriki kuitunga, inayolingana na mazingira yao, na ambayo anayekosea huanza kwa adhabu ndogo kabla ya kubwa. Ngazi yenu ndiyo malisho yenu. Kanuni ya kwamba mpira usichezwe ngazini hadi saa tisa alasiri, ikiwa imependekezwa na mtoto wa miaka tisa na kukubaliwa na mtu mwenye usingizi, itaheshimiwa kuliko katiba yoyote utakayoichapisha. Tena siku ikivunjwa, kama ambavyo hapana budi itavunjwa, atakayefungua mlango na kuwakumbusha watoto huenda asiwe wewe. Hapo ndipo utakapojua kwamba shughuli hii imeanza kusimama bila kukuegemea.

Sasa nikukemee kidogo kuhusu kundi la WhatsApp. Watu wale walimpa msimamizi namba zao kwa mambo ya nyumba, si kwa ajili yako, na asubuhi moja wakajikuta wamewekwa pamoja na watu 40 wasiowajua, namba zao zikionekana na kila mmoja. Matusi ya maegesho yalikuja baadaye; imani ilikuwa imekwisha kupungua tangu siku ya kwanza. Waombe radhi kwa hilo, bila kujieleza sana, uwajulishe kwamba anayetaka kutoka atoke. Kundi lenyewe liweke ili msimamizi na wewe tu ndio mnaoandika, na liwe la taarifa za dharura kama kukatika kwa maji, moto au kuharibika kwa lango. La milango minane litakuja lenyewe, tena mtu ataliomba, na hapo uingize tu wale waliokupa namba kwa mikono yao.

Kuhusu katiba na usajili, jibu langu ni hapana, walau kwa sasa. Usajili huleta vyeo, vyeo huleta wagombea, na ugombezi huleta kambi, hata mahali ambapo hakuna cha kugombea. Utafika wakati wake, ikiwa mtahitaji kufungua akaunti ya benki au kuzungumza na mwenye nyumba kama kundi moja, nanyi mtautambua kwa kuwa kutakuwa na kazi iliyokwama kwa kukosa umoja.

Ninayetaka umfikirie zaidi ni yule aliyekushuku, kwa sababu wewe umemweka upande wa maadui, ilhali mimi naona ameuliza swali la haki kwa maneno makali. Mtu mgeni, asiye mwenye nyumba wala kiongozi wa mtaa, ametaja uchaguzi na michango katika tangazo lake la kwanza. Hata mimi ningeuliza. Wengi wetu tumewahi kutoa fedha mahali fulani kisha tusiulizwe wala tusijibiwe. Usimjibu kundini, mbele ya hadhira. Mfuate ana kwa ana, umwambie: "Swali lako lilikuwa la haki. Sikutumwa na mtu, na nilikosea kutaja michango kabla hatujafahamiana. Hakuna senti itakayokusanywa." Kisha utimize hilo kwa miezi sita kamili, hata kama mtu atakupa fedha kwa hiari yake. Siku ambayo fedha itahitajika kweli, iwe ya kitu kimoja kinachojulikana bei yake kabla ya kukusanya, ishikwe na watu wawili ambao wewe si mmoja wao, na risiti ibandikwe langoni siku ile ile ya kununua. Mwombe mshuku wako awe mmoja wa hao wawili. Akikataa, angalau atakuwa amejua kwamba aliombwa.

Umeniuliza kama watu wa siku hizi hawataki majirani. Julai 1995 jiji la Chicago lilikumbwa na joto kali lililohusishwa na vifo 739, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili inayopakana, yote ikiwa na umaskini na wazee wengi wa namna hiyo, akakuta mmoja umepoteza watu wengi zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko mwingine. Kule ambako njia zilikuwa na watu, mzee alikuwa na mahali pa kwenda na sababu ya kutoka nje. Kule ambako maeneo mengi yalikuwa yamehamwa, alijifungia ndani. Ulikuwa mwaka ule ule na jiji lile lile, kwa hiyo nasita kuyabebesha lawama "siku hizi" kabla ya kutazama jinsi ngazi na lango lenu vilivyo.

Mlango wa kwanza kati ya minane uwe wa mzee wa redio, lakini usiende kama mwuguzi. Nina hakika amechoka kuulizwa nyonga inaendeleaje. Yeye ndiye mtu pekee katika ngazi yenu anayekuwapo nyumbani mchana kutwa, kwa hiyo yeye ndiye wa kuombwa apokee vifurushi, na baadaye, mkizoeana, ashike funguo za akiba za majirani. Akikukubali, utakuwa na nafasi ya kumwomba namba ya mpwa wake na kupatana naye alama ndogo, kwa mfano kwamba pazia la dirisha la ukumbini litafunguliwa kila siku kabla ya saa tatu asubuhi, na likikutwa limefungwa, aliye karibu atagonga. Akiona ni kumchunga, liache pazia lake. Usilazimishe hata kidogo. Wapo pia watakaofungua mlango, wakakujibu kwa adabu na wasitake zaidi ya hapo, nao wana haki hiyo.

Mkutano wa pili uahirishe leo, kwa sentensi mbili na bila kutaja tarehe nyingine. Viti 28 virudishe ulikoviazima. Viwili mwombe mwenyewe akuachie kwa muda zaidi, kisha umwombe msimamizi ruhusa ya kuviweka chini ya ngazi, upande ambao havitazuia njia, mahali ambapo mtu mwenye mkongojo anaweza kupumzika kabla ya kupanda.